Reginald Moreau na Majira ya Manyoya

Kila ndege ana vazi ambalo hakulishona. Vazi hilo ni manyoya yake. Humkinga na baridi, mvua na jua kali, humwezesha kuruka, tena humtambulisha kwa wenzake. Lakini manyoya, kama lilivyo vazi lolote, huchakaa. Jua huyapausha, mchanga na miiba huyasugua, na wadudu wadogo huyatafuna. Unyoya uliokwisha kukomaa hauna uhai, kama vile ukucha au unywele usivyo na uhai. Ukikatika, hauwezi kujiponya. Njia iliyopo ni kuudondosha na kuotesha mwingine mahali pake. Tendo hilo huitwa kubadili manyoya.

Katika sura hii tutasoma maisha ya mtaalamu mmoja wa ndege aliyeishi katika nchi yetu kwa miaka 18, wakati ikiitwa Tanganyika. Jina lake ni Reginald Ernest Moreau. Katika maisha yake tutaona jinsi swali dogo kuhusu manyoya linavyoweza kumfikisha mtu kwenye maarifa makubwa juu ya mvua, chakula, na safari za ndege kati ya mabara.

1. Gharama ya unyoya mpya

Kabla ya kumfuata Moreau, yatupasa kujua kwanza kwa nini kubadili manyoya ni kazi nzito.

Kila unyoya huota katika kishimo kidogo kilicho kwenye ngozi. Unapoanza huonekana kama kijiti chenye rangi ya bluu au nyeusi. Ndani ya kijiti hicho mna damu iletayo chakula, na nje kimefunikwa kwa ala nyembamba. Unyoya ukisha kukua, ala hupasuka na kupukutika, unyoya hukunjuka, na damu huacha kuingia ndani yake. Unyoya umetengenezwa kwa protini ngumu iitwayo keratini. Kwa ndege wengi, manyoya yote yakikusanywa na kupimwa huwa mazito kuliko mifupa yake yote mikavu. Kwa hiyo ndege anayebadili manyoya huhitaji chakula kingi na kizuri zaidi kuliko siku nyingine.

Ndege wengi hawadondoshi manyoya yote ya mabawa kwa mara moja. Hudondosha moja au mawili, hungoja mapya yaanze kukua, kisha hudondosha yanayofuata. Bawa la kulia na bawa la kushoto hufuatana sawasawa, ili ndege asipinde anaporuka. Mtazame mwewe au kunguru anayepaa. Ukiona pengo katika bawa moja, tazama bawa la pili. Mara nyingi utaona pengo kama hilo mahali pale pale.

Ndege ana kazi kubwa nyingine mbili: kutaga na kulea makinda, na, kwa baadhi yao, kusafiri mbali. Kila moja kati ya kazi hizo tatu hutaka nguvu nyingi. Ni kama mkulima wa Ugogo. Mvua za Desemba zinapoanza, yeye hukimbilia shambani kupanda mtama na uwele. Hawezi wakati huo huo kuibomoa tembe yake na kuiezeka upya. Kazi ya kuezeka huingoja kiangazi. Ndege naye hugawa kazi zake kwa majira. Wafugaji wa kuku wanalijua jambo hili. Kuku jike anapoanza kunyonyoka manyoya, mayai hupungua, na mara nyingi huacha kutaga kabisa mpaka manyoya mapya yatakapoota.

Je, ndege hujuaje kwamba majira ya kazi fulani yamefika? Hilo ni miongoni mwa maswali ambayo Moreau alijishughulisha nayo kwa miaka mingi.

2. Karani aliyependa ndege

Reginald Moreau alizaliwa mwaka 1897 katika mji wa Kingston upon Thames, karibu na London, Uingereza. Hakupata kusoma Chuo Kikuu. Alipokuwa kijana alifanya mtihani wa kuingia katika utumishi wa serikali, akaajiriwa katika ofisi ya ukaguzi wa hesabu za jeshi. Kazi yake ilikuwa kukagua tarakimu katika vitabu vya mapato na matumizi. Zaidi ya hayo alipatwa na ugonjwa wa baridi yabisi, ambao huvimbisha na kukaza viungo vya mwili. Maradhi hayo yalimsumbua maisha yake yote.

Mwaka 1920 alihamishiwa Misri, nchi yenye hewa kavu. Huko alijifunza Kiarabu, na siku za mapumziko alitembea jangwani na kando ya maji akitazama ndege. Misri iko katika njia kuu ya ndege wasafirio kati ya Ulaya na Afrika. Kila mwaka Moreau aliyaona makundi makubwa yakipita kuelekea kusini, na baada ya miezi kadhaa yakirudi kaskazini. Aliandika yale aliyoyaona kwa uangalifu ule ule alioutumia kukagua hesabu: tarehe, mahali, idadi, hali ya ndege.

Huko Misri alikutana na Winifred Bird, nao wakaoana mwaka 1924. Bibi Winifred naye alipenda elimu ya viumbe. Tangu hapo walifanya uchunguzi pamoja, na baadhi ya makala zao ziliandikwa kwa majina yao wote wawili.

3. Miaka 18 Amani

Mwaka 1928 Moreau alikuja Tanganyika, iliyokuwa wakati huo chini ya utawala wa Waingereza. Alipewa kazi ya ofisi na maktaba katika kituo cha utafiti wa kilimo kilichokuwa Amani. Mahali hapo pako katika milima ya Usambara Mashariki, mkoani Tanga. Kituo chenyewe kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, walipokuwa wakiitawala nchi hii.

Amani haifanani na Dodoma hata kidogo. Dodoma ni uwanda wa juu wenye mibuyu na miti ya miiba. Mvua hunyesha katika msimu mmoja tu, kwa kawaida kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba mpaka Aprili, na miezi iliyobaki ni mikavu. Amani ni msitu wa mlimani wenye ukungu, na karibu kila mwezi hupata mvua. Kwa mtu aliyetoka katika jangwa la Misri, msitu ule ulikuwa dunia mpya. Ndege husikika lakini hawaonekani kwa urahisi, kwa maana majani ni mengi na mwanga ni mdogo.

Moreau hakuajiriwa kuchunguza ndege. Mchana alipanga vitabu, aliandika barua, na baadaye alihariri jarida la kilimo la Afrika Mashariki. Ndege aliwachunguza asubuhi na mapema, jioni, na siku za mapumziko. Isitoshe, viungo vyake vilivyouma vilimzuia kupanda na kushuka milima kila alipotaka.

Kwa sababu hiyo alitegemea sana wasaidizi wenyeji. Mashuhuri kati yao alikuwa Salimu Asumani, mtu hodari wa kuwatafuta ndege, kuwatambua, na kuwahifadhi kwa ajili ya uchunguzi. Kazi nyingi za wataalamu wa zama zile zilifanywa kwa macho, masikio na miguu ya wenyeji, ingawa majina yao hayakuandikwa mara nyingi katika vitabu. Ni haki jina la Salimu Asumani likumbukwe pamoja na la Moreau.

Njia yao ya kazi ilikuwa nyepesi kueleza lakini ngumu kutenda. Mtu alikaa karibu na kiota kwa saa nyingi akiwa na saa na daftari. Kila ndege alipoingia, aliandika wakati. Alipotoka, aliandika wakati. Hakuandika alichokidhani, bali alichokiona. Siku hadi siku tarakimu ziliongezeka. Kwa njia hiyo Moreau alitoa makala zenye hesabu kamili juu ya jinsi mbayuwayu na ndege wengine wa Afrika wanavyoatamia mayai na kulisha makinda. Makala za namna hiyo zilikuwa chache sana wakati huo.

4. Hondohondo aliyejifungia

Miongoni mwa ndege waliowashangaza Bwana na Bibi Moreau walikuwa hondohondo. Hondohondo wakubwa wa Amani huzaa ndani ya mashimo ya miti mirefu. Jike huingia katika shimo, kisha mlango huzibwa kwa udongo mpaka ubaki ufa mwembamba tu. Jike hukaa humo akiatamia na kulea. Dume huruka kutwa nzima akitafuta matunda, huja nayo kooni, na kumpa jike moja baada ya moja kupitia ufa ule. Bwana na Bibi Moreau walivichunguza viota hivyo kwa miaka, na mwaka 1937 Moreau alichapisha makala iliyolinganisha ulezi wa aina mbalimbali za hondohondo wa Afrika.

Dodoma nako wako hondohondo wadogo wa nyika, wenye midomo iliyopinda, ya rangi nyekundu au nyeusi. Nao hutumia mashimo ya miti, hata mibuyu. Jike wa hondohondo hawa, akisha kujifungia, hufanya jambo ambalo ndege wengine hawathubutu kulifanya: hudondosha manyoya yote ya kurukia na ya mkia karibu kwa wakati mmoja. Kwa siku nyingi hawezi kuruka. Lakini ndani ya shimo hahitaji kuruka. Mlango umezibwa, na chakula huletwa. Makinda wanapoanza kuwa wakubwa, manyoya mapya ya mama huwa yamekwisha kuota. Hapo huubomoa mlango, hutoka, na kumsaidia dume. Makinda huuziba tena kwa ndani.

Tazama jinsi majira yalivyopangwa: kazi ya kulea na kazi ya kubadili manyoya, ambazo kwa ndege wengi hutenganishwa, hapa huwekwa pamoja kwa sababu dume amebeba mzigo wa chakula. Lakini mpango huo una hatari yake. Dume akipigwa kwa manati akiwa njiani, jike hana mabawa ya kutafutia chakula, na makinda hawana mlezi. Mtu aliyedhani ameua ndege mmoja huenda ameangamiza kiota kizima.

Bata wengi nao hudondosha manyoya yote ya kurukia kwa mara moja, nao hukaa majuma kadhaa bila kuweza kuruka. Kinga yao ni maji na matete, ambamo hujificha mpaka mabawa yapone.

5. Swali la mwanga

Sasa na turudi kwenye swali letu: ndege hujuaje majira?

Katika miaka ya 1920, mtaalamu aitwaye William Rowan alifanya jaribio huko Alberta, Kanada. Aliwaweka ndege wadogo katika vizimba vya nje wakati wa baridi kali. Kila jioni aliwasha taa za umeme, akizidisha muda wa mwanga kidogo kidogo. Ijapokuwa theluji ilikuwa chini na baridi ilikuwa kali, viungo vya uzazi vya ndege hao vilianza kukua kana kwamba majira ya kuzaa yamekaribia. Rowan akaonyesha kwamba si joto lililowaamsha, bali urefu wa mchana.

Huko kaskazini jambo hilo linaeleweka kwa urahisi. London, mchana mrefu kabisa wa mwezi Juni una zaidi ya saa 16, na mchana mfupi kabisa wa Desemba haufiki saa 8. Lakini sisi tuko karibu na Ikweta. Amani iko katika nyuzi 5 kusini, na Dodoma katika nyuzi 6. Dodoma, mchana mrefu kabisa wa mwezi Desemba hupita mchana mfupi kabisa wa Juni kwa dakika 40 tu au karibu na hapo. Je, ndege wa kwetu huongozwa na nini?

Moreau alishirikiana na Rowan na mtaalamu mwingine, A. L. Wilk. Walichagua aina tatu za ndege wa nyuzi 5 kusini mwa Ikweta. Kwa kila ndege walitazama mambo mawili pamoja: hali ya manyoya yake, na hali ya viungo vyake vya uzazi. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1947 katika jarida la chama cha elimu ya wanyama cha London. Uchunguzi huo ulikuwa miongoni mwa ule wa kwanza kuyalinganisha mambo hayo mawili kwa ndege wa nchi za joto.

Mwaka 1950 Moreau alitoa makala nyingine kubwa, aliyokusanya ndani yake habari za majira ya kuzaa ya ndege wa sehemu nyingi za Afrika. Alionyesha kwamba katika bara letu mvua, na chakula kiletwacho na mvua, ndivyo vinavyoamua mengi. Ndege wanaokula wadudu huwalea makinda wakati wadudu ni wengi. Ndege wanaokula mbegu hungoja nyasi zizae. Ndege wengi wawindao huzaa wakati wa kiangazi, ambapo nyasi ni fupi na mawindo huonekana. Kwa kawaida majira ya kubadili manyoya hufuata baada ya kulea, kabla chakula hakijapungua sana.

Hivyo ndege wa Dodoma, ingawa jua lao hubadilika kidogo tu, wana kalenda. Kalenda hiyo imeandikwa kwa mvua.

6. Kutoka kinda hadi ndege mzima

Manyoya hueleza pia umri. Kifaranga wa kuku hutoka yaini akiwa na manyoya laini kama pamba. Baada ya siku chache manyoya halisi huanza kuchomoza katika mabawa, na baada ya majuma machache mwili wote huwa umefunikwa. Hata hivyo, manyoya hayo ya kwanza si ya mwisho. Atayabadili tena kabla hajawa jogoo au tembe.

Shakwe, ndege wa pwani na maziwa, ni mfano ulio wazi zaidi. Kinda wa shakwe huanguliwa akiwa na manyoya laini yenye madoa, yanayomficha kati ya mchanga na mawe. Kisha huota manyoya ya kahawia. Mtu asiyewajua hudhani kwamba shakwe wa kahawia ni aina nyingine ya ndege. La, ni kijana. Shakwe wakubwa huchukua karibu miaka minne kufikia vazi la utu uzima. Kila mwaka hubadili manyoya. Mgongo hugeuka kijivu au mweusi hatua kwa hatua, kichwa na tumbo huwa vyeupe, na mdomo nao hubadilika rangi. Kwa hiyo mtaalamu akimtazama shakwe kijana aweza kukadiria kama ni wa mwaka wa kwanza, wa pili au wa tatu.

Ncha za mabawa ya shakwe wengi ni nyeusi, nako kuna sababu. Weusi huo hutokana na rangi iitwayo melanini, nayo huufanya unyoya uwe mgumu zaidi. Ncha za mabawa ndizo zinazosuguliwa sana na upepo na mchanga. Sehemu nyeupe huchakaa upesi kuliko nyeusi.

Katika uwanda wa Dodoma na Singida, ndege anayepaswa kuchunguzwa kwa njia hii ni kwelea kwelea. Kila mtoto aliyewahi kuamia ndege katika shamba la mtama anamjua. Kwelea kijana ana rangi ya kahawia, naye huwa mzima upesi sana. Huweza kuzaa kabla hajatimiza mwaka. Dume anapokaribia kuzaa, uso wake mara nyingi huwa mweusi kama aliyevaa kinyago, na mdomo wake ni mwekundu. Jike hana kinyago, bali mdomo wake hugeuka manjano. Kuzaa kukisha, dume huyavua mapambo hayo na kurudia kahawia.

Wataalamu wa kuzuia ndege waharibifu huyatazama mabawa, nyuso na midomo ya kwelea waliowanasa. Hupata kujua kama kundi ni la vijana au wazima, kama linakaribia kuzaa au limekwisha kuzaa. Habari hizo husaidia kukadiria kundi lilitoka wapi na litafanya nini. Kwa familia inayotegemea mtama na uwele kwa chakula cha mwaka mzima, maarifa hayo si mchezo.

7. Wageni watokao kaskazini

Swali la ndege wasafirio, lililomwanza Moreau akiwa Misri, halikumwacha. Kati ya Oktoba na Aprili tunaona Dodoma mbayuwayu wengi waliokaa juu ya nyaya za simu na umeme. Wengi wao wamezaliwa Ulaya au Asia. Huvuka bahari na jangwa la Sahara wakiwa bado na manyoya yao ya zamani. Wakisha kufika Afrika, ndipo hubadili manyoya ya mabawa taratibu kwa muda wa miezi kadhaa, huku wakila wadudu wetu. Warudipo kaskazini huwa na mabawa mapya yaliyooteshwa kwa chakula cha Afrika. Shakwe wenye migongo myeusi kutoka kaskazini mwa Ulaya, wanaofika katika Ziwa Viktoria na pwani ya Bahari ya Hindi, nao hubadili sehemu kubwa ya manyoya ya kurukia wakiwa huku. Aina nyingine za ndege hufanya kinyume: hubadili manyoya kwao kwanza, kisha husafiri.

Moreau alikadiria kwamba ndege wa nchi kavu wapatao milioni 5,000 huingia Afrika kila mwaka kutoka kaskazini. Watafiti waliomfuata wamepata makadirio madogo kuliko hayo, lakini yeye ndiye aliyethubutu kwanza kuhesabu kwa upana kiasi hicho. Ndivyo elimu inavyokwenda. Mmoja hukadiria kwa habari alizo nazo, na wengine huja wakasahihisha.

8. Miaka ya mwisho

Mwaka 1946 afya ya Moreau ilimlazimu kurudi Uingereza. Alifanya kazi katika taasisi ya utafiti wa ndege ya Oxford, akawa mhariri wa jarida la Ibis mpaka mwaka 1960. Jarida hilo ni miongoni mwa majarida makuu ya elimu ya ndege duniani. Mwaka 1951 Chuo Kikuu cha Oxford kilimtunukia shahada ya heshima. Mtu ambaye hakupata kusoma Chuo Kikuu akawa mwalimu wa waliosoma humo.

Mwaka 1966 alitoa kitabu kikubwa juu ya ndege wa Afrika na visiwa vyake. Kisha, ingawa ugonjwa ulikuwa ukizidi, aliandika kitabu kingine juu ya ndege wasafirio wanaokuja Afrika. Hakukiona kikitoka. Alifariki mwezi Mei 1970, akiwa na umri wa miaka 73, na kitabu kikachapishwa mwaka 1972.

Jina lake limebaki katika misitu yetu. Ndege mdogo mwenye mdomo mrefu, aliyegunduliwa Amani na kupewa jina la kitaalamu mwaka 1931, huitwa kwa jina la Moreau. Ndege mwingine, aliyepatikana katika milima ya Uluguru, Moreau mwenyewe alimpa jina la mkewe Winifred mwaka 1938. Ndege wote wawili ni wachache. Msitu ukikatwa, hawana mahali pengine pa kukimbilia. Sehemu kubwa ya msitu wa Amani leo ni hifadhi, nayo yatupasa kuitunza.

9. Tunajifunza nini?

Moreau hakuwa na mwili wenye nguvu, wala shahada, wala muda mwingi. Alikuwa na daftari, saa, wenzi waaminifu, na subira. Alijua kwamba jambo likitazamwa mara moja ni habari tu. Likitazamwa mwaka mzima na kuandikwa, huwa maarifa. Zama zake ndege wengi walipigwa risasi ili wachunguzwe. Siku hizi wataalamu wenye kibali hutumia nyavu laini, huwapima ndege, huwavika pete nyepesi mguuni, na kuwaachia. Mwanafunzi hana haja ya nyavu wala bunduki. Unyoya uliodondoka wenyewe unamtosha kuanza.

Kazi ya kufanya

(a) Chagua kuku watano wa nyumbani au wa shule. Mara moja kwa juma, kwa muda wa mwaka mmoja, okota na hesabu manyoya yaliyodondoka mahali wanapolala. Andika pia idadi ya mayai ya juma hilo, na kama mvua ilinyesha. Usimnyonyoe ndege yeyote, wala usimguse ndege aliyekufa. Nawa mikono kwa sabuni kila ukimaliza.

(b) Chora kifaranga akiwa na siku 1, juma 1, majuma 3 na majuma 6. Onyesha manyoya halisi yalianza kuota wapi.

(c) Waulize wazee wa kijijini ni miezi gani kwelea kwelea huonekana wakiwa na nyuso nyeusi. Linganisha jibu lao na miezi ya mvua.

Maswali

1. Kwa nini unyoya uliokatika hauwezi kujiponya?
2. Taja kazi kubwa tatu za ndege zinazotaka nguvu nyingi. Kwa nini kwa kawaida hazifanywi pamoja?
3. Jike wa hondohondo wa nyika anaweza kudondosha manyoya yote ya kurukia bila kufa njaa. Eleza sababu.
4. Rowan alizidisha mwanga lakini hakuzidisha joto. Kwa nini jambo hilo lilikuwa muhimu katika jaribio lake?
5. Kwa nini jibu la Rowan halikutosha kueleza majira ya ndege wa Amani na Dodoma?
6. Utamtambuaje shakwe kijana na shakwe mzima?
7. Eleza jinsi manyoya ya kwelea kwelea yanavyoweza kumsaidia mkulima wa mtama.
8. Salimu Asumani na wasaidizi wengine walifanya kazi gani? Unadhani Moreau angefika wapi bila wao?